Uhuru, Kazi na Gari la Kosta Rika

Jumapili, 8 Juni 1975
Mimi Mwanaidi binti Sadala, mkazi wa kijiji cha ujamaa cha Kwedibago, Handeni, leo naandika peke yangu, bila Mwalimu Zamda kunishika mkono. Zamda ndiye anayetufundisha kisomo cha watu wazima. Anasema tuandike kila tukipata nafasi, la sivyo herufi zitatutoka. Nina miaka hamsini na kitu. Nilijua nitakufa nikiweka dole gumba tu.

Habari ya leo ni hii. Mwenyekiti wetu, Mzee Kibwana, amekuja asubuhi kunieleza kwamba kuna wageni wawili, mume na mke, wanakuja kutufundisha kutengeneza magari ya ng'ombe. Watakaa kwangu, maana tangu marehemu mume wangu Mhina aniache nina chumba kitupu. Nikamwuliza wanatoka wapi. Akasema Kuba. Nimefagia chumba mara mbili.

Jumanne, 10 Juni
Wamefika. Si Wakuba.

Mume ni Eladio, fundi seremala, mrefu, masharubu meupe. Mke ni Lidia, mfupi kama mimi. Kiswahili wamejifunza Musoma, wanakisema polepole lakini kinaeleweka. Mzee Kibwana alishatoa hotuba ndefu ya kuwashukuru ndugu zetu wa Kuba. Eladio akangoja makofi yaishe, ndipo akasema kwa upole kwamba kwao ni Kosta Rika. Hakuna aliyewahi kuisikia. Zamda akakimbia shuleni kuleta ramani, tukaiona: kipande chembamba cha nchi kati ya bahari mbili, kidole changu kinakifunika chote.

Lidia akatuambia nchi yao haina jeshi. Walilivunja yeye akiwa msichana, na kambi kubwa ya askari ikageuzwa makumbusho. Wanaume wakabishana juu ya jambo hilo mpaka wali ukapoa. Mimi nilikuwa namtazama Lidia tu. Alikuwa amekaa jikoni kwangu anachambua mchicha kana kwamba alizaliwa pale.

Alhamisi, 12 Juni
Kuna mahindi ya njano yaliyobaki gunia moja, yale ya msaada tuliyopewa mwaka jana wa njaa. Sisi hatuyapendi, yananuka. Lidia alipoyaona alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake safarini. Akayachemsha na majivu, akayaosha mpaka maganda yakatoka, akayasaga kwenye jiwe langu, akafanya vidonge na kuvipigapiga viganjani hadi vikawa duara. Akavioka juu ya chungu kipana kilichovunjika. Kwao ndiyo chakula cha kila siku, na maharage. Nimekula mpaka nikaona haya.

Jumapili, 15 Juni
Saa tisa alasiri kila siku wanakunywa kahawa. Wanaichuja kwenye kifuko cha kitambaa kilichotundikwa kwenye kijiti. Hata jua liwe kali namna gani, na kazi iwe nyingi namna gani, saa tisa ni kahawa. Sasa na mimi nimeingia katika dini hiyo.

Ijumaa, 20 Juni
Eladio kaniuliza kwa nini naondoka alfajiri na kurudi jioni na debe moja tu la mahindi kichwani. Nikamweleza.

Tulipohamishwa mwaka jana kuja kijijini, niliacha shamba langu huko mahameni, bondeni, kwenye udongo mweusi. Hapa Kwedibago ardhi ni changarawe. Masika nikaomba ruhusa, nikapanda kule kule. Mvua ikanyesha vizuri, na mahindi yakazaa namna ambayo sijaona tangu Mhina yu hai. Sasa yamekauka, nayavuna na kuyapandisha katika dungu la zamani, ghala la makuti juu ya nguzo. Lakini njia ni ya nusu siku, na lori haliwezi kupita korongo. Kichwani nitabeba debe moja leo, debe moja keshokutwa, na nguruwe mwitu wanakula usiku. Mahindi yale yakifika nyumbani, nitakula hadi masika nyingine bila kumwomba mtu. Yasipofika, nitasimama tena kwenye foleni ya unga wa msaada.

Eladio alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza lile korongo lina upana gani. Akachukua kipimo chake na kofia, akataka twende tukaliangalie siku hiyo hiyo.

Jumatatu, 23 Juni
Amesema gari litapita. Sikulala kwa furaha.

Jumamosi, 28 Juni
Shida ni maksai. Wenye ng'ombe wa kufaa ni Wamasai wa nyikani, na mwenye madume mawili yaliyohasiwa, makubwa na yanayolingana, ni Salaash. Mzee Kibwana alikwenda na karatasi ya kata akaambiwa ng'ombe hawajui kusoma.

Nikasema mimi Salaash siendi kwake. Mhina na baba yake Salaash waligombana miaka mingi iliyopita, ng'ombe walipoingia shambani kwetu na kumaliza mahindi yote. Wakatoleana fimbo. Toka siku hiyo hatujasalimiana na ukoo ule. Hata akipita njiani na sime yake kiunoni, mimi natazama mti.

Lidia aliniongezea kahawa tu.

Jumatano, 2 Julai
Nimekwenda. Lidia kanisindikiza.

Nalotuesha, mke wa Salaash, alitukaribisha ndani, akatupa maziwa kwenye kibuyu. Salaash akakaa mlangoni, hatazami upande wangu. Nikamwambia yote kama yalivyo: mahindi yangu, dungu, korongo. Akasema ng'ombe si punda. Mkulima akipewa ng'ombe atamchapa hadi avunjike.

Ndipo Lidia akazungumza. Akasema baba yake alikuwa mwongoza ng'ombe, akisafirisha kahawa kutoka milimani hadi baharini. Akasema kwao mwongoza ng'ombe hutembea mbele ya ng'ombe, si nyuma yao, na fimbo yake ndefu huilaza tu juu ya nira ili wajue wapi pa kwenda. Siku baba yake alipouza dume lake la mwisho alikaa nje ya nyumba akalia, na watoto wakakatazwa kumsogelea.

Halafu Salaash akaniuliza mimi, si Lidia, akiniita mama kwa Kimasai. "Yeyo, na wewe utatembea mbele?"

Nikasema nitatembea mbele.

Akakubali, kwa sharti kwamba yeye atakuwepo siku zote za mafunzo, na atakayeinua fimbo kumpiga mnyama, siku hiyo hiyo ng'ombe wanarudi nyumbani. Tulipotoka Nalotuesha alinishika mkono. Nilirudi njia nzima nikijiuliza nilikuwa naogopa nini miaka yote ile.

Jumatatu, 7 Julai
Saba Saba. Ngoma, hotuba, pilau.

Alhamisi, 10 Julai
Majina. Eladio anasema kwao ng'ombe wa jozi hupewa majina mawili yanayokwenda pamoja, ukilitaja moja la pili linafuata lenyewe. Watu wakapendekeza mengi ya ovyo. Zamda akasema Uhuru na Kazi. Kila mtu akacheka na jambo likaisha. Mzee Kibwana aliona wasiwasi kidogo, maana yule mweusi aliyepewa jina la Uhuru ni mvivu mno, anapenda kulala. Lakini ng'ombe alishaitika.

Jumatano, 16 Julai
Nira imetusumbua. Kwao Eladio huifunga kwenye pembe kwa ukanda wa ngozi. Uhuru akatikisa kichwa, akaketi chini. Kazi akamfuata. Salaash na Eladio wakashinda wameinama juu ya gogo lile, mmoja anachonga, mwingine anapima kwa kiganja, wanaongea kwa mikono zaidi kuliko kwa mdomo. Jioni nira ikakaa shingoni, mbele ya nundu, ikafungwa kwa kamba ya katani. Ng'ombe wakasimama nayo kimya wakicheua. Eladio akamkumbatia Salaash. Salaash hakujua aiweke wapi mikono yake.

Jumapili, 20 Julai
Katika lugha ya kwao kuna neno la kumwita mtu kwa heshima, kama sisi tunavyomsemesha mkubwa. Lakini wao wanalitumia kwa kila mtu. Lidia anamwita mumewe hivyo, na watoto wake aliwalea hivyo hivyo, hata mbwa. Eladio anamwambia Uhuru, "Tafadhali, bwana, twende." Watoto wa kijiji wanaviringika kwa kucheka. Uhuru anakwenda.

Mimi nimejaribu. Anakwenda.

Jumamosi, 26 Julai
Magurudumu yamekamilika. Si ya spoki kama ya baiskeli. Ni vipande vya mbao ngumu vilivyochongwa kama vipande vya chungwa na kuunganishwa, halafu pete ya chuma ikachomwa hadi ikawa nyekundu, ikavishwa, ikamwagiwa maji. Mvuke ulipanda, mbao zikalia, zikabanana. Kijiji kizima kilikuwepo. Hiza mhunzi, ambaye huwa hana neno na mtu, ameirudia hadithi ya ile pete nyumba kwa nyumba.

Ijumaa, 1 Agosti
Sasa Lidia anapaka rangi. Kwao hakuna gari lisilopakwa rangi, hata la maskini, na hakuna mawili yanayofanana. Kutoka katikati ya gurudumu anachora nyota, juu ya nyota majani, juu ya majani maua, kwa brashi nyembamba kama unyoya. Wanawake tumekaa naye tangu alfajiri. Akauliza sisi tungependa nini. Tukaleta kanga zetu. Sasa upande mmoja wa gari una maua ya Kosta Rika na upande mwingine una korosho na madoa ya kanga. Mzee Kibwana alikuja akauliza rangi nyingi hivyo zinasaidia nini katika kilimo. Lidia akamjibu kwamba kazi ni nzito, hivyo macho yapewe kitu cha kupumzikia. Akaondoka. Baadaye nikamwona amerudi peke yake analizungusha gurudumu kwa kidole.

Jumatatu, 11 Agosti
Mtihani wa kisomo. Nimejaza kila mahali. Zamda kanikonyeza.

Jumapili, 17 Agosti
Gari linatembea. Gurudumu linagonga ekseli likienda, ko, ko, ko. Nilidhani limeharibika. Eladio akasema hiyo ndiyo sauti yake, na kwao kila gari lina sauti yake, mke akiwa jikoni anajua ni la nani linalopanda mlima. Tumelizungusha kijiji mara nne. Mimi mbele, fimbo juu ya nira. Mwanamke mmoja akasema naonekana kama mkuu wa wilaya.

Safari ya mahameni ni Ijumaa. Mahindi yote yamo dunguni, yamekauka, yananisubiri.

Jumatano, 20 Agosti
Eladio ana homa. Lidia amemfunika blanketi mbili na bado anatetemeka. Malaria. Safari imesogezwa.

Ijumaa, 22 Agosti
Mkono unauma, lakini lazima niandike yote leo, nisije nikayasahau.

Jana asubuhi nilikuwa kisimani. Nikaona moshi bondeni. Haukuwa moshi wa mtu anayechoma magugu, ulikuwa mpana, mweusi chini na mweupe juu, na upepo unausukuma upande wa mahame yangu. Nikaiacha ndoo.

Watu walishakusanyika kwa Mzee Kibwana. Mmoja akasema Wamasai hao, kila kiangazi wanachoma nyasi. Nami nikaitikia. Nimelisema kwa mdomo wangu, mbele za watu, kwamba Salaash amengoja mahindi yakauke ndipo aonyeshe alivyo. Naliandika kwa sababu nimelisema.

Eladio hakuweza kusimama. Alijaribu, akaanguka kitandani. Lidia akatoka nje akanitazama. "Wewe unajua kuwaongoza," akasema. "Nenda."

Tukafunga nira, mimi na Zamda. Wanaume wanne wakapanda na mapanga na majembe. Nikatembea mbele. Sijui tulifikaje korongoni. Najua Kazi alishuka vizuri na Uhuru akasimama ukingoni kama kawaida yake, nami nikamwambia kwa ile lugha ya Eladio, tafadhali bwana, leo tu, na akashuka. Magurudumu yakaingia mchangani, yakatoka. Ko, ko, ko.

Tulipokaribia, moshi ukawa mzito, macho yakatoka machozi. Uhuru akagoma kabisa. Akarudi nyuma, gari likaanza kwenda upande, wanaume wakaruka. Mmoja akainua fimbo na mimi nikamshika mkono. Nikavua kanga yangu ya juu, nikamfunga Uhuru macho, ya Zamda nikamfunga Kazi. Nikaweka kiganja changu puani mwa Uhuru ili anisikie harufu. Nikaenda kinyumenyume, hatua kwa hatua, nikiwasemesha. Nilikuwa nawaambia chochote. Nadhani nilikuwa nawaeleza habari za mtihani.

Dungu lilikuwa limesimama. Limesimama, na pande zote kuzunguka ardhi imefyekwa na kukwanguliwa hadi udongo. Na mbele ya ule mstari, katika moshi, watu wa shuka nyekundu wanapiga moto kwa matawi mabichi. Salaash alikuwa wa mbele kabisa, karibu na ndimi za moto, uso mweusi kwa masizi. Wenzake watano. Walikuwa hapo tangu alfajiri.

Wanaume wetu wakaingia kusaidia. Mimi na Zamda tukapanda dunguni, tukawa tunatupa mahindi garini kwa mikono, kwa vikapu, kwa kanga zilizobaki. Cheche zikaangukia makuti ya paa. Salaash akapanda juu, akayang'oa makuti kwa mikono yake, akayatupa chini. Kiganja chake kimeungua, nimekiona. Gari lilipojaa hadi juu na dungu likawa tupu, moto ulikuwa umefika kwenye ule udongo uliokwanguliwa, ukakosa cha kula, ukalala.

Tukakaa chini ya gari, kila mtu anakohoa. Nikamwambia Salaash ukweli, kwamba nilisema yeye ndiye aliyechoma. Hakukasirika. Alikuwa anawafungua ng'ombe kanga machoni.

"Yeyo," akasema, "mvua bado iko mbali. Nikichoma majani sasa, hawa watakula nini?"

Jambo jepesi hivyo. Mtoto angelifikiri. Miaka yote nimeishi jirani na wafugaji na sijawahi kujiuliza ng'ombe anakula nini mwezi wa nane.

Kisha akatuonyesha chini ya mti mkubwa mzinga ulioporomoka na kienge cha mrina asali, mwenge wake wa kufukuzia nyuki, bado kinafuka. Mtu alikula asali akaenda zake. Hatumjui.

Tulirudi polepole. Watu walisikia ko, ko kabla hawajatuona, wakatoka njiani hadi kule nje ya kijiji, wanawake wanapiga vigelegele. Eladio alikuwa ameketi mlangoni amejifunika blanketi. Nilisimamisha gari mbele yake. Akawatazama ng'ombe kwanza, miguu, shingo, macho. Ndipo akanitazama mimi na masizi yangu, akavua kofia.

Jumamosi, 23 Agosti
Nimepeleka mahindi kwa Nalotuesha, na mafuta ya nazi kwa kiganja cha mumewe. Tumekula pamoja. Nimesema mbele ya Mzee Kibwana na watu wote kwamba nilimsingizia Salaash. Walioitikia pamoja nami walitazama chini.

Jumamosi, 6 Septemba
Gari linafanya kazi kila siku. Maji, kuni, mawe ya zahanati. Mavuno ya mahame mengine manne yameshaletwa. Kesho ni mfungo wa Ramadhani, mwezi ukionekana.

Jumapili, 14 Septemba
Wiki nzima Lidia amekuwa akitengeneza taa na watoto: vijiti, karatasi za rangi, kipande cha mshumaa ndani. Kwao usiku wa leo ni mkesha wa uhuru wao. Kila mtoto wa nchi nzima hutoka saa kumi na mbili jioni na taa yake, na wote huimba wimbo wa taifa kwa wakati mmoja, kwa sababu habari ya uhuru ilibebwa usiku kwa mwanga, kijiji hadi kijiji. Zamda akasema na sisi tuna Mwenge wetu, kwa hiyo hatuoni ajabu.

Saa ya kufuturu inakaribiana na saa yao. Tukatandika mikeka nje, uji, tende, mihogo, na Lidia kapika wali na maharage vilivyokaangwa pamoja. Salaash na Nalotuesha wakaja na maziwa. Jua lilipozama tukasikia adhana, tukaonja tende. Ndipo watoto wakatokea upande wa shule na taa zao, safu ndefu, nyekundu, njano, kijani. Eladio na Lidia wakasimama wakaimba wimbo wao, wawili tu, sauti zao hazilingani. Walipomaliza hakuna aliyejua la kufanya. Watoto wakaanza Mungu Ibariki Afrika. Tukaimba wote, na Lidia akalia mikononi mwangu. Akasema ana wajukuu watatu wanaobeba taa leo. Nikamwambia hapa ana arobaini.

Jumanne, 30 Septemba
Wageni wanaondoka mwezi ujao, wanatakiwa Dodoma. Na kijiji kimoja cha Mazinde kimesikia habari zetu, kinataka mtu wa kwenda kukaa miezi miwili kufundisha kuongoza ng'ombe. Mzee Kibwana akaitisha mkutano ili achague kijana. Eladio akasema mwongozaji mzuri aliyemfundisha hapa ni mmoja, ni Bi Mwanaidi. Kukawa na minong'ono. Mwanamke, mjane, umri ule, Korogwe hadi Mazinde kwa miguu katikati ya mkonge.

Mimi mwenyewe nilitaka kusema siwezi. Salaash akasimama kule nyuma. Huwa hasemi mikutanoni. Akasema ng'ombe ni wake, na Uhuru hamfuati mtu mwingine.

Mzee Kibwana akaniuliza nasemaje.

Nikasema nahitaji viatu.

Jumatatu, 6 Oktoba
Idi. Nimepewa viatu.

Jumatano, 8 Oktoba, alfajiri
Eladio na Lidia wameondoka jana kwa lori. Sitaandika juu ya hilo leo.

Nimepika, nimefunga mzigo, nimemwachia Zamda ufunguo. Mawingu yako upande wa Korogwe, huenda tukalowa. Salaash ameshafunga nira, anasubiri nje, na wanawake wa nyumba za jirani wamesimama na watoto mgongoni kutazama. Mmoja wao, yule aliyenong'ona mkutanoni, ameniuliza kama nikirudi nitamfundisha na yeye.

Nimemwambia aje sasa hivi, atembee nami mpaka korongoni.